Ghala la Udongo: Historia ya Ardhi Iliyoganda na Mto Wetu Ruvu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Kibaha na Kisarawe. Limepigwa chapa ili wanafunzi walisome tena darasani.

Natumaini kwamba wote mmekwisha kaa na daftari ziko tayari. Walioketi mbali na redio na wasogee karibu. Walimu wasaidizi, tafadhali andikeni ubaoni maneno matatu ya somo la leo: KABONI, MBOJI, ARDHI ILIYOGANDA. Maneno hayo tutayaeleza moja moja. Asiyewahi kuyaandika asiwe na haraka, kwa maana tutayarudia mara nyingi.

Leo tunasoma historia. Si historia ya wafalme, wala si ya vita, ingawa mbele kidogo tutakuta ugomvi na damu. Ni historia ya udongo. Tutaona jinsi udongo unavyoweka akiba kwa miaka maelfu, na jinsi mito inavyoichukua akiba hiyo ghala likifunguliwa. Tutakwenda mbali, mpaka nchi za baridi kali za kaskazini, kisha tutapita Kongo ya mashariki, na mwisho tutarudi nyumbani, kwenye mto Ruvu.

Nimechagua somo hili kwa sababu ya swali la mama mmoja. Nilikuwa nimetembelea darasa moja la upande wa Kisarawe. Baada ya kusoma, tulizungumza juu ya miti na hali ya hewa. Mama huyo akasimama akasema: "Mwalimu, umetuambia kwamba huko mbali kuna barafu inayeyuka na dunia inapata joto. Mimi sijaiona barafu hiyo. Mimi nachoma mkaa, na gunia langu ndilo linalomsomesha mwanangu. Nambie, gunia langu lina kosa gani?"

Darasa zima lilinyamaza. Nami sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia, "Mama, nipe muda." Somo hili ndilo jibu langu.

1. Mkaa na mboji

Tuanze jikoni. Kila mmoja wetu anaujua mkaa. Magogo hupangwa katika tanuru, hufunikwa majani na udongo, huchomwa polepole. Maji hutoka, moshi hutoka, na kinachobaki ni kitu cheusi, chepesi, chenye kushika moto vizuri. Kitu hicho sehemu yake kubwa ni kaboni. Basi neno la kwanza la ubaoni mmekwisha lijua siku nyingi. Mmelibeba kichwani na kwenye baiskeli.

Sasa nawauliza: mti uliipata wapi kaboni hiyo? Wengi watajibu, "Ardhini." Sivyo. Mti huipata hewani. Ndani ya hewa tunayovuta mna hewa nyingine kidogo sana iitwayo hewa ya ukaa. Jani la mti huvuta hewa hiyo, na kwa msaada wa jua na maji huigeuza kuwa mbao, magome, mizizi na matunda. Ukiwasha jiko, ile kaboni huungua na kurudi hewani ilikotoka.

Lakini si kila mti huchomwa. Majani huanguka, matawi huvunjika, mizizi hufa. Vitu hivyo huoza. Kuoza maana yake ni kuliwa na vijidudu vidogo tusivyoweza kuviona kwa macho. Vijidudu hivyo hula na kupumua kama sisi, na pumzi yao ni ile ile hewa ya ukaa. Hata hivyo havimalizi vyote. Sehemu hubaki udongoni na kuufanya uwe mweusi na laini. Hiyo ndiyo mboji. Mkulima yeyote anajua kwamba udongo mweusi wenye mboji huzaa kuliko udongo mwekundu uliochujuka.

Basi udongo ni ghala. Ndani yake imo kaboni ya majani ya mwaka jana, ya miaka mia iliyopita, na pengine ya miaka elfu. Ukikusanya udongo wote wa dunia, utakuta kaboni iliyomo inazidi kaboni ya miti yote pamoja na ya hewa yote. Ghala kubwa kuliko yote liko katika nchi ambazo hakuna mkulima anayeweza kulima muhogo.

2. Kisima kisichotoa maji

Mashariki ya nchi ya Urusi kuna sehemu kubwa iitwayo Siberia, na katika Siberia kuna mji uitwao Yakutsk, kando ya mto Lena. Baridi ya huko wakati wa kipupwe ni kali kuliko ndani ya jokofu la kugandishia samaki. Mwaka 1828 alikuwako mfanyabiashara mmoja jina lake Fyodor Shergin. Alitaka kuchimba kisima uani, kama mtu yeyote atakavyo maji karibu na nyumba yake.

Wachimbaji wakaanza kazi. Udongo wa juu ulikuwa laini, lakini chini kidogo wakakuta udongo mgumu kama jiwe. Ulikuwa umeganda. Wakaendelea kuchimba, nao ukawa ungali umeganda. Shergin alikaribia kukata tamaa. Ndipo msafiri mmoja mwenye elimu, Ferdinand von Wrangel, akamshauri aendelee, si kwa kutafuta maji tena, bali kwa kutafuta maarifa. Kazi ikaendelea kwa miaka mingi. Walipoiacha, mnamo mwaka 1837, shimo lilikuwa limepita meta 116. Wekeni minazi mirefu minne mmoja juu ya mwenzake, na bado shimo litazidi. Chini kabisa udongo ulikuwa umeganda vile vile.

Kisima hicho hakikutoa maji, lakini kilipata sifa katika elimu. Katika miaka ya 1840 mtaalamu Alexander von Middendorff alikwenda Yakutsk akapima baridi ya kuta zake kwa vina mbalimbali. Tangu hapo wataalamu wakaanza kuielewa ardhi iliyoganda, yaani ardhi isiyoyeyuka hata wakati wa kiangazi, mwaka baada ya mwaka. Leo tunajua kwamba ardhi ya namna hiyo iko Siberia, Alaska, Kanada na sehemu nyingine za kaskazini. Eneo lake ni zaidi ya sehemu moja katika kila sehemu kumi za nchi kavu ya nusu ya kaskazini ya dunia.

3. Samaki wa Feri

Sasa fikirini juu ya samaki. Muuzaji akinunua samaki Feri, Dar es Salaam, akataka kuwaleta Kisarawe, huwatia barafu. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya barafu vijidudu haviwezi kula. Samaki haozi. Barafu ikiyeyuka njiani, na jua likiwa kali, kabla hajafika sokoni kila mtu atajua kwa pua.

Ardhi iliyoganda ni kama kapu la samaki lenye barafu. Zamani za kale sana majani yaliota huko, wakapita tembo wenye manyoya marefu, wanyama ambao leo hawapo tena. Majani yalikufa, wanyama walikufa, udongo na vumbi vikafunika, baridi ikagandisha. Havikuoza. Miaka maelfu kwa maelfu vimekaa humo kama vilivyokuwa. Wataalamu wamekadiria kwamba ardhi hiyo ina kaboni yapata tani bilioni 1,500, karibu mara mbili ya ile iliyomo hewani pote duniani.

Mtauliza: mtu anajuaje umri wa jani lililooza? Swali zuri. Mwaka 1949 mtaalamu wa Marekani, Willard Libby, pamoja na wenzake, alionyesha njia. Katika kaboni ya hewa mna aina moja adimu, iitwayo kaboni ya 14. Kila kiumbe hai huipata. Kiumbe kikifa, hakipati nyingine, na ile iliyomo hupungua polepole kwa mwendo usiobadilika: baada ya miaka 5,730 hubaki nusu, ikipita miaka mingine 5,730 hubaki nusu ya nusu. Ni kama gunia la mkaa ambalo kila siku unajua limepungua kiasi gani. Ukiona kilichobaki, unajua lilifunguliwa lini. Kwa kazi hiyo Libby alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1960.

4. Mto hufungua ghala

Katika miaka hii ya karibu nchi za kaskazini zimepata joto haraka kuliko sehemu nyingine za dunia. Tangu mwaka 1979 joto la eneo la Aktiki limepanda karibu mara nne kuliko wastani wa dunia nzima. Ardhi iliyokuwa imeganda inalainika. Nyumba zinapinda, barabara zinabonyea, na kingo za mito zinaporomoka.

Twendeni kwenye mto mmoja wa Siberia uitwao Kolyma. Mahali paitwapo Duvanny Yar, mto huo umekata ukingo mrefu, na ukingo huo wote ni udongo wa kale ulioganda. Kila kiangazi jua huulainisha. Udongo hutiririka kama uji, na mifupa ya wale tembo wa kale huanguka mtoni. Watafiti walichukua maji ya vijito vinavyotoka chini ya ukingo huo. Walipopima kaboni iliyoyeyuka ndani yake, walikuta umri wake unapita miaka 20,000. Kisha waliyaweka maji hayo waone litakalotokea. Katika siku 14 tu, vijidudu vilikuwa vimekula kama theluthi moja ya kaboni hiyo. Habari hizi zilitangazwa mwaka 2013.

Hebu fikirini. Chakula kilichokaa miaka 20,000 bila kuguswa kinaliwa kwa majuma mawili! Nacho kikiliwa, kaboni yake huenda hewani kuwa hewa ya ukaa. Hewa ya ukaa huzuia joto lisiondoke duniani, kama blanketi. Joto likizidi, ardhi nyingine inalainika. Palipo na kinamasi, ambapo hewa haifiki, vijidudu hutoa gesi nyingine iitwayo methani, nayo hushika joto kwa nguvu zaidi.

Kuna jambo moja lililowatatiza wataalamu. Walipokwenda kupima maji huko chini, mlangoni mwa mito mikubwa, mara nyingi walikuta kaboni iliyoyeyuka ni changa, si ya kale. Wengine wangeweza kusema, "Basi, hakuna kinachotokea." Lakini sababu moja ni kwamba ile ya kale huliwa mapema, katika vijito vya juu, kabla ya kufika baharini. Ni kama kwenda sokoni jioni kumtafuta mwizi wa asubuhi. Hapa historia inatufundisha neno: anayetaka kujua jambo la mto asiishie mlangoni, na apande hadi kwenye chanzo.

Nisiwatie hofu kupita kiasi. Kazi hii ni ya polepole. Haitatokea kwa siku moja kama bomu. Tena si udongo wote unaofika mtoni huwa hewa. Sehemu huzama chini ya bahari na kufunikwa. Lakini ghala likifunguliwa kidogo kidogo kwa miaka mia, hasara yake hurithiwa na watoto na wajukuu.

5. Kongo ya mashariki

Mtu aweza kusema, "Sisi hatuna ardhi iliyoganda. Shauri hili ni la watu wa baridi." Nami nilifikiri hivyo, mpaka niliposoma habari za Kongo.

Katika Kongo ya mashariki, upande wa ziwa Kivu, ambako watu wengi husema Kiswahili kama sisi, watafiti walichukua maji katika vijito vya aina mbili. Vingine hutoka katika msitu ambao haujakatwa. Vingine hutoka mahali ambapo msitu umefyekwa na watu wanalima. Walitangaza matokeo mwaka 2019.

Katika vijito vya msitu mzima, kaboni iliyokuwa majini ilikuwa changa; ilitoka kwa majani ya juzi na jana. Katika vijito vya mahali palipofyekwa, kaboni ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Tena ilikuwa ya namna inayoliwa kwa urahisi na vijidudu. Mmeona? Huko hakuna barafu hata punje. Lakini mlango wa ghala ulikuwa ni msitu wenyewe. Mizizi ilishika udongo, majani yaliyoanguka yaliufunika, na mvua haikuufikia udongo wa chini. Msitu ulipoondoka, udongo uliozikwa tangu zama za mababu wa mababu ulifikiwa na mvua ukaingia mtoni.

Basi twaweza kusema hivi. Huko kaskazini mlinzi wa ghala ni baridi. Huku kwetu mlinzi ni miti na nyasi. Mlinzi akiondoka, mto huingia ghalani.

6. Ruvu na milima ya Uluguru

Sasa turudi nyumbani. Wanafunzi wa Mlandizi, nyinyi mnaujua mto Ruvu kuliko mimi. Unaanza katika milima ya Uluguru, huko Morogoro. Unapokea maji ya Mgeta na ya Ngerengere, unapita katika nchi yetu ya Pwani, unamwaga maji yake katika bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo, penye mikoko. Mwaka 1959 mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulijengwa upande wa Kibaha, na mwaka 1976 ukajengwa ule wa Ruvu Chini. Mpaka leo sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka katika mto huu. Mwishoni mwa mwaka 2021 mvua zilipochelewa, mto ulipungua hata mji ukagawiwa maji kwa zamu.

Masika yakija, angalieni rangi ya Ruvu. Maji huwa mazito, rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni shamba la mtu. Ni udongo wa juu wa mlima, wenye mboji, unasafiri kwenda baharini.

Watawala wa zamani waliiona rangi hiyo pia. Wajerumani walitenga misitu ya juu ya Uluguru kuwa hifadhi. Baada yao Waingereza, kwenye mwaka 1950, walianzisha mpango mkubwa wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Walisema: milima ni mikali, watu wanalima mpaka kileleni, udongo unakwisha, na mito itaharibika. Katika maneno hayo kulikuwa na kweli. Lakini sikilizeni jinsi walivyofanya.

Waliamuru kila nyumba ichimbe matuta ya ngazi ubavuni mwa mlima. Haikuwa hiari. Asiyechimba alishtakiwa na kutozwa faini. Kazi ilikuwa ngumu mno, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake, maana wao ndio waliokuwa wakilima chakula. Haya, wakachimba. Kilichotokea ni nini? Katika sehemu nyingi za Uluguru udongo mweusi wa juu ni mwembamba. Ukichimba tuta la ngazi, udongo mweusi unazikwa na udongo mwekundu usio na rutuba unapanda juu. Watu walipanda mahindi katika matuta mapya wakapata mavuno haba kuliko zamani. Walisumbuka kwa jembe, na wakavuna njaa.

Walilalamika. Hawakusikilizwa. Mwezi wa Julai mwaka 1955, huko Matombo, watu walikusanyika kwa hasira kuupinga mpango huo. Polisi waliitwa, na mtu mmoja aliuawa. Baada ya hapo serikali ya kikoloni iliuacha ule mpango. Wakati huo chama cha TANU kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na watu wengi wa Uluguru walikiunga mkono, kwa sababu matuta ya ngazi yaliwaonyesha maana ya kutawaliwa kwa amri.

Lakini historia haina upande mmoja. Katika sehemu za Mgeta, juu mlimani, matuta ya ngazi yalishika. Kwa nini? Huko watu walikuwa wakilima mboga za kuuza, na mboga zilikuwa na soko. Aliyechimba tuta aliona faida yake katika mfuko. Tena watu wa Mgeta tangu zamani walikuwa na desturi yao ya kupanga majani na takataka za shamba kwa ngazi ubavuni mwa mlima, na kufukia udongo juu yake. Ujuzi wa kuzuia udongo haukuletwa na mkoloni peke yake. Ulikuwako. Hakuuliza.

7. Misitu ya Pugu na gunia la mama

Kisarawe nayo ina mlinzi wake wa ghala: misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Ni misitu ya kale sana, yenye miti na wanyama wasiopatikana mahali pengi duniani. Katika vilima vya Pugu ndiko unakoanza mto Msimbazi, unaoteremka mpaka Jangwani, katikati ya Dar es Salaam. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mvua kubwa ilinyesha, mafuriko yakaingia mjini, na watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Mvua ndiyo iliyoleta mafuriko hayo, na watu walikuwa wamejenga mabondeni. Lakini udongo unaoteremka kutoka juu hujaza mto mchanga na tope, na mto uliojaa tope hauna nafasi ya maji.

Basi sasa nimjibu yule mama. Mama, nakujibu kwa maneno matatu.

Neno la kwanza. Gunia lako si lililoyeyusha Siberia. Kabla ya viwanda vikubwa kuenea Ulaya, hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Mwaka 1958 mtaalamu Charles David Keeling alianza kuipima katika mlima Mauna Loa, kisiwani Hawaii, akapata kama 315. Sasa imepita 420. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni ya makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa na viwanda, magari na mitambo ya umeme, hasa katika nchi tajiri. Mtu akikuwekea mzigo huo wote kichwani mwako, anakuonea. Anafanya kama yule aliyeamuru matuta.

Neno la pili. Ingawa hivyo, kijito kilicho nyuma ya nyumba yako hakijui Ulaya. Kinajua mti ulioko kwenye ukingo wake. Mti huo ukikatwa na kung'olewa kisiki, udongo wa pale utaondoka, na hakuna nchi tajiri itakayokurudishia. Mwaka 2009 ilikadiriwa kwamba Tanzania ilitumia mkaa yapata tani milioni moja kwa mwaka, na nusu yake ilitumiwa Dar es Salaam peke yake. Kwa hiyo kosa, kama liko, halikai ndani ya gunia lako tu. Limo pia katika jiko la mnunuzi wa mjini, anayekunywa maji ya Ruvu asubuhi na kupika kwa mkaa wa Pwani jioni. Mzigo huu ni wa watu wawili, na wewe usiubebe peke yako.

Neno la tatu. Yako mambo ambayo wewe na wenzako mwaweza kuyafanya bila kungoja amri. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Pimeni meta hizo kwa kamba, mwone zinafika wapi. Miti mingi ya misitu yetu ya miombo huchipua tena ikikatwa vizuri na kisiki chake kikaachwa, kisichomwe moto wala kulishwa mbuzi. Na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inawapa wanakijiji haki ya kutenga msitu wao wenyewe, kuupangia taratibu, na kupata faida yake. Kijiji kikiamua wapi pakatwe mwaka huu na wapi papumzike, mkaa na kijito vyaweza kuishi pamoja. Lakini uamuzi huo uwe wa mkutano wa kijiji, na wanawake wawemo. Pasipo soko, na pasipo kusikilizwa, hata shauri jema litaishia kama la Matombo.

Nilirudi katika darasa lile nikayasema haya kabla ya kuyaleta redioni. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, jibu la pili nimelipenda. Basi na wale wa mjini nao wapewe somo hili." Wenzake wakacheka, lakini yeye hakucheka. Aliomba kalamu. Mwaka uliopita mama huyo hakujua kuandika jina lake. Siku ile aliandika mstari mmoja na nusu wa barua kwa watu wa mjini, kisha kipindi kikaisha. Ameahidi kuimaliza.

Ndugu wanafunzi, tumefika mwisho wa somo. Funguo za somo ni hizi: kaboni imo hewani, mitini na udongoni, baridi au miti huilinda isitoke ghalani, na mto huichukua mlinzi akiondoka. Sasa zimeni redio, mwalimu wenu atasoma maswali. Kwaherini, na tukutane katika somo lijalo.

Maswali ya kujadiliana na ya kuandika

1. Mti hupata kaboni wapi? Mkaa ukichomwa, kaboni yake huenda wapi?
2. Fyodor Shergin alichimba kisima kwa miaka mingi bila kupata maji. Je, kazi yake ilikuwa ya bure? Toa sababu.
3. Kwa nini kaboni ya kale haikuonekana sana mlangoni mwa mito ya kaskazini?
4. Waulizeni wazee wa kijiji chenu: walipokuwa vijana, kijito cha karibu kilikuwa na rangi gani wakati wa masika? Andikeni majibu yao katika daftari, pamoja na miaka wanayoikumbuka.
5. Watawala walisema kweli juu ya udongo wa Uluguru, lakini mpango wao ulishindwa. Kwa nini? Kwa nini ulishika Mgeta?
6. Hesabu: kwa kamba, pimeni meta 60 kutoka ukingo wa mto au kijito chenu. Hesabuni miti iliyosimama na visiki vilivyomo katika eneo mlilopima.
7. Andika barua fupi, mistari mitano, kwa mtu wa mjini anayetumia mkaa na maji ya kutoka Pwani. Mweleze unalotaka alijue, na umwombe jambo moja analoweza kulifanya.